Kusimika Seva ni Kazi ya Siku Moja, Kuitunza ni ya Kila Siku

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma kuhusu uendeshaji wa huduma ya kompyuta ya ofisi kwenye mashine ya kukodi.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo jina lake linatisha, lakini kwa hakika linahusu kazi ambayo kila mmoja wetu hapa anaifahamu, nayo ni utunzaji wa majalada. Tangu zamani ofisi ya serikali imekuwa na masijala. Masijala ina msimamizi, ina daftari la kuingizia na kutolea majalada, na ina kabati lenye kufuli. Karani haruhusiwi kwenda na jalada nyumbani kwake, na afisa anapohamishwa hukabidhi funguo kwa maandishi. Leo sehemu kubwa ya kazi zetu haifiki tena masijala. Alama za mtihani wa muhula zimo katika simu ya mwalimu wa taaluma. Orodha ya watumishi imo katika akaunti ya bure iliyofunguliwa kwa jina la karani mmoja, na nywila anaijua yeye peke yake. Siku karani huyo akihamishwa, masijala inahama pamoja naye.

Hilo ni tatizo la kwanza. La pili ni kwamba hata huyo karani hana mamlaka juu ya kabati analolitumia. Mnamo Machi 2013 kampuni ya Google ilitangaza kwamba itaifunga huduma yake iliyoitwa Google Reader, na tarehe 1 Julai mwaka huo ikaifunga kweli, ingawa watumiaji wake walilalamika sana. Kampuni haikuvunja ahadi yoyote. Mwenye nyumba aliamua kufunga chumba, akawapa wapangaji miezi michache ya kutoa vyombo vyao. Mtu anayetumia huduma ya bure hana budi kuelewa kwamba hiyo ndiyo hali yake.

Kwa sababu hizo, watu na taasisi katika nchi mbalimbali wamechagua kuendesha huduma zao wenyewe. Wanakodi kompyuta, wanaweka ndani yake programu huria, na wanatunza mafaili, kalenda na mawasiliano yao pasipo kumtegemea mtu mwingine kwa kila jambo. Shabaha yangu leo ni kueleza kazi hiyo hufanywaje, kisha nieleze gharama yake halisi, ambayo haionekani katika ankara ya mwenye mashine.

WINGU NI KOMPYUTA YA MTU

Neno wingu limewapoteza wengi, wakadhani kwamba mafaili yanaelea mahali pasipo na mwenyewe. Wingu ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yenye umeme wa akiba, mitambo ya kupoza hewa na walinzi mlangoni. Majumba hayo yapo Frankfurt, yapo Virginia, na kwa upande wetu wa dunia yapo Cape Town na Johannesburg. Ukikodi mashine katika wingu, umekodi sehemu ya kompyuta moja iliyomo ndani ya mojawapo ya majumba hayo.

Sehemu hiyo huitwa mashine pepe. Kompyuta moja kubwa huwekewa programu msimamizi, ambayo huigawa katika kompyuta nyingi ndogo, na kila moja hujiona kama kwamba iko peke yake, ina prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake. Fikra hii si ya jana. Kampuni ya IBM ilikuwa ikiifanyia kazi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa mfumo wake ulioitwa VM/370. Kilichokuja baadaye ni biashara ya kuikodisha kwa saa. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha mashine pepe kwa mtu yeyote mwenye kadi ya benki, na tangu hapo kampuni nyingi zimeifuata.

Sasa, ndani ya mashine pepe hiyo moja tunataka kuweka programu kadhaa, na hapo ndipo makontena yanapoingia. Tuchukue mfano wa makazi. Mashine pepe ni kama nyumba iliyojengwa katika kiwanja chake, ina msingi wake na paa lake. Kontena ni kama chumba katika nyumba ya kupanga. Kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, wala haoni yaliyomo chumbani kwa jirani, lakini wote wako chini ya paa moja na wanachota maji katika bomba moja la uani. Paa hilo ni kiini cha mfumo endeshi, ambacho kwa kawaida ni Linux. Makontena yote katika mashine hutumia kiini kimoja. Kwa hiyo kontena ni jepesi, huwaka kwa muda mfupi, wala halihitaji mfumo endeshi mzima wa peke yake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, paa likivuja wapangaji wote wanalowa.

Mbinu hii pia imejengwa kidogo kidogo. Mwaka 1979 mfumo wa Unix ulipata amri ya chroot, iliyoweza kuifungia programu ndani ya sehemu moja ya diski. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD ukaongeza ulinzi madhubuti zaidi. Wahandisi wa Google walianza mwaka 2006 kutengeneza njia ya kupima na kuwekea mipaka matumizi ya prosesa na kumbukumbu, na kazi yao ikaingia katika kiini cha Linux mwaka 2008. Mwezi Machi 2013, katika mkutano wa waandishi wa programu huko Santa Clara, California, Solomon Hykes alionyesha chombo kilichoitwa Docker, kilichozikusanya mbinu hizo na kuziweka mikononi mwa mtu wa kawaida.

Jina la kontena lilitokana na makontena ya bandarini. Kabla ya sanduku la chuma, shehena ilipakuliwa gunia kwa gunia, na kila bidhaa ilitaka namna yake ya kubebwa. Mwezi Aprili 1956 meli ya Ideal X ilisafiri kutoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58, na tangu hapo kazi ya bandari ikabadilika, kwa kuwa kreni moja iliweza kuinua sanduku lolote pasipo kujua lina kahawa au lina vipuri. Programu za kompyuta zilikuwa na shida kama ile ya magunia. Hii inataka toleo hili la lugha ya PHP, ile inataka lingine, na zikikaa pamoja zinagombana. Ndani ya kontena kila programu husafiri na mahitaji yake yote, na mashine inayoipokea haina haja ya kuyajua.

MFANO WA HUDUMA MOJA

Ili tusibaki hewani, natoa mfano wa Nextcloud. Hii ni programu huria ya kutunza na kushirikiana mafaili, kalenda na anwani. Frank Karlitschek wa Ujerumani alianzisha mradi wa ownCloud mwaka 2010, na mwaka 2016 yeye na wenzake wakajitenga na kuanzisha Nextcloud. Mwaka 2018 kituo cha teknolojia ya habari cha serikali kuu ya Ujerumani kiliichagua kwa ajili ya watumishi wa serikali hiyo. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya kitu cha kuchezea.

Kwa ofisi au shule yenye watu thelathini hivi, mashine pepe yenye prosesa mbili, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 80 inatosha kuanzia. Ndani yake tunaweka makontena manne. La kwanza ni Nextcloud yenyewe. La pili ni hifadhidata, mathalani PostgreSQL, inayoweka kumbukumbu za nani ana faili gani na nani ameruhusiwa kuliona. La tatu ni Redis, inayozuia watu wawili wasiandike juu ya faili moja kwa wakati mmoja wakaliharibu. La nne ni bawabu, mathalani Caddy, anayesimama mbele, kupokea wageni wote wa kutoka intaneti na kuwapeleka ndani.

Makontena yote manne huelezwa katika faili moja la maandishi: majina yake, matoleo yake, yanavyozungumza na mahali yanapoweka mali yake. Faili hilo ni kama ikama ya ofisi. Ukilikabidhi kwa mtu mwingine mwenye mashine tupu, kwa amri moja atausimamisha mpangilio ule ule. Bawabu naye hupata cheti cha kuthibitisha kwamba mawasiliano yamefungwa kwa siri. Tangu mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti hivyo bila malipo, kwa muda mfupi ambao kwa miaka mingi umekuwa siku 90, na bawabu huvihuisha mwenyewe.

Mtu aliyekwisha kuizoea kazi hii huimaliza kwa alasiri moja. Hapo ndipo hatari inapoanza, maana kitu kilichosimama kwa urahisi huwafanya watu waamini kwamba kitaendelea kusimama kwa urahisi.

MALI HAIKAI NDANI YA KONTENA

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba kontena ni la kutupwa. Kila unapobadili toleo, kontena la zamani huondolewa na jipya huwekwa mahali pake. Chochote kilichoandikwa ndani ya la zamani huondoka nalo. Kwa hiyo mafaili ya watu na hifadhidata hapana budi viwekwe nje ya kontena, katika sehemu ya diski iliyotengwa, ambayo kontena hufunguliwa mlango wa kuifikia. Asiyelifahamu hilo atafanya kazi miezi sita kwa furaha, na siku ya kubadili toleo atakuta kabati tupu.

Jambo la pili ni milango. Mashine iliyo kwenye intaneti hupigiwa hodi na wezi tangu dakika zake za kwanza, kwa kuwa wezi hao ni programu zinazozunguka dunia nzima bila kulala. Kwa hiyo msimamizi aingie katika mashine kwa ufunguo wa siri wa SSH, na kuingia kwa nywila kuzuiwe kabisa. Kwa umma ifunguliwe milango miwili tu, wa namba 80 na wa namba 443, na yote miwili iwe ya bawabu.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Kwenye Linux watu hupenda kutumia programu iitwayo ufw kuamuru milango ipi ifungwe. Docker inapoagizwa kutangaza mlango wa kontena hujiandikia kanuni zake katika kiini, na wageni huingia kwa kanuni hizo pasipo kuzifikia zile za ufw. Msimamizi anaweza kuitazama orodha yake ikamwambia kwamba mlango wa hifadhidata umefungwa, ilhali uko wazi kwa ulimwengu. Dawa yake ni kutoutangaza mlango wa hifadhidata hata kidogo, kwa sababu makontena huzungumza yenyewe kwa yenyewe katika mtandao wao wa ndani, kisha kutumia pia ukuta wa ulinzi wa mwenye mashine, ulio nje ya mashine pepe. Mwisho, ajaribu kupiga hodi kutoka kompyuta nyingine iliyo mbali, aone kwa macho yake nini kinajibu.

Mtu asidhani kwamba hofu hii ni ya vitabuni. Mwezi Januari 2017 wezi walizipitia hifadhidata za aina ya MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila. Walifuta yaliyomo na kuacha ujumbe wa kudai fedha. Maelfu kwa maelfu ya hifadhidata yaliangamia katika muda wa majuma machache. Wezi hawakuvunja kufuli lolote, kwa kuwa kufuli halikuwapo.

USIPOZIBA UFA

Jambo la tatu ni matoleo mapya. Kifurushi kilichofungwa leo hubaki cha leo. Kosa likigunduliwa kesho katika programu iliyomo, kontena halijirekebishi. Hilo ndilo linalowaponza wengi: huduma inafanya kazi vizuri, hakuna mtu anayelalamika, na mwaka unapita huku nyufa zinaongezeka. Wahenga walikwisha kusema juu ya ufa na ukuta, na hapa usemi huo unatimia neno kwa neno, kwa sababu Nextcloud hairuhusu kuruka toleo kuu. Aliye katika toleo la 28 akitaka kufika la 30 hana budi kupitia la 29. Aliyelala miaka miwili atalazimika kupanda ngazi moja moja, na katika kila ngazi kuna uwezekano wa kitu kukwama.

Hifadhidata nayo ina tabia yake. Mtu akibadili namba ya PostgreSQL katika faili lake kutoka 15 hadi 16 na kuwasha upya, hifadhidata itakataa kuwaka, kwa kuwa mali iliyowekwa na toleo kuu la zamani haisomwi na jipya mpaka ihamishwe kwa utaratibu wake. Kwa hiyo haifai kuandika katika faili kwamba tunataka toleo la mwisho lolote litakalokuwapo. Iandikwe namba kamili, na namba hiyo ibadilishwe kwa siku iliyopangwa, baada ya kusoma maelezo ya watengenezaji na baada ya kuchukua nakala ya akiba.

AKIBA INAYOOZA

Ndugu Mwenyekiti, sasa nimefika kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Wazee wetu walisema akiba haiozi. Kwa nafaka iliyokauka vizuri usemi huo ni wa kweli, lakini akiba ya kompyuta huoza, tena huoza kimya kimya, bila harufu.

Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, mhandisi mmoja alikuwa akishughulikia tatizo usiku. Alikusudia kufuta mali iliyokuwa kwenye mashine ya pili ya hifadhidata, lakini amri yake aliipiga kwenye mashine ya kwanza, ile iliyokuwa ikitumika. Alipotambua na kuisimamisha, katika gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakageukia nakala za akiba. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi, na zote tano ziliwaangusha. Nakala ya kila siku ya hifadhidata haikuwapo, kwa sababu programu iliyopaswa kuifanya ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na kila siku ilishindwa. Barua za kuwaarifu kwamba imeshindwa zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani wala hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi mmoja aliichukua saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi iliyofanywa baada ya picha hiyo ilipotea katika hifadhidata.

Kampuni hiyo ilifanya jambo la kusifiwa, kwa kuwa ilieleza yote hayo hadharani ili wengine wajifunze. Tujifunze basi. Wahandisi wale walikuwa mabingwa wa kazi yao, na walikuwa wanaamini kwa dhati kwamba wana akiba. Tofauti ya kuamini na kujua ilikuwa jambo moja tu: hakuna aliyekwenda kulifungua ghala akaangalia.

Somo la pili linatoka Ufaransa. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jumba moja la kompyuta la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg na kuharibu sehemu ya lingine la jirani. Hakuna mtu aliyeumia, lakini wateja wengi walipoteza mali zao, na waliokuwa wameweka nakala ya akiba mahali pale pale walipoteza vyote viwili. Wingu liliungua, na kumbe lilikuwa jumba kama majumba mengine.

Kutokana na masomo hayo mawili utaratibu unajitengeneza wenyewe. Kila usiku huduma isimamishwe kwa muda mfupi, hifadhidata itolewe nakala kwa chombo chake chenyewe, mafaili yanakiliwe pamoja nayo, na yote yafungwe kwa siri na kupelekwa mahali pengine, kwa kampuni nyingine au kwenye kompyuta iliyo ofisini kwetu. Kisha, na hili ndilo linalosahaulika, kila muhula mtu achukue mashine tupu, airudishe huduma nzima kutokana na nakala hiyo, afungue faili moja la mwalimu mmoja na kulisoma. Aandike katika daftari siku aliyofanya hivyo na saa alizotumia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nakala ambayo haijawahi kurudishwa haistahili kuitwa akiba.

MASHINE IKO WAPI, NA SHERIA INASEMAJE

Watu wengine watauliza: kwa nini tusinunue kompyuta yetu tukaiweka ofisini, badala ya kukodi mbali? Swali hilo ni la haki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na ya nchi kadhaa za Afrika Mashariki ikazorota vibaya. Aliyekuwa ameweka majalada yake Ulaya alikuwa nayo na hakuwa nayo. Lakini kompyuta ya ofisini nayo ina maadui zake, kama vile kukatika umeme, vumbi, joto, na mtu anayeichomoa ili achaji simu. Kwangu mimi njia iliyo salama ni kuzitumia zote mbili. Huduma iwe katika mashine ya kukodi, na nakala ya kila usiku ije ofisini. Waya ukikatika, tutakosa huduma ya moja kwa moja, lakini majalada tutakuwa nayo.

Mahali mashine ilipo ni suala la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na inagusa hata usafirishaji wa taarifa hizo nje ya nchi. Alama za mtoto, cheti cha hospitali cha mtumishi na namba ya simu ya mzazi ni taarifa binafsi. Aidha, tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Serikali Mtandao na Mamlaka yake. Ofisi ya serikali isikodi mashine ughaibuni kwa uamuzi wa afisa mmoja aliyechangamka. Ianze kwa kuuliza, ipate mwongozo kwa maandishi. Shule za binafsi na vyama vya ushirika navyo vinabanwa na sheria ya taarifa binafsi, kwa hiyo wasidhani kwamba jambo hili ni la serikali peke yake.

NANI ATASHIKA FUNGUO

Nilianza na karani aliyehama na masijala. Hapana budi tuseme wazi kwamba seva yetu wenyewe, tusipoangalia, itaturudisha kwa karani yule yule, tena kwa hasara kubwa zaidi. Aghalabu huduma hizi huanzishwa na kijana mmoja hodari, aliyejifunza mwenyewe usiku. Mashine anaikodi kwa kadi yake ya benki. Jina la tovuti analisajili kwa barua pepe yake. Ufunguo wa siri umo katika kompyuta yake. Akiugua, akihamishwa au akipata kazi bora, ankara haitalipwa. Kampuni itatuma maonyo kwa anwani asiyoisoma mtu, kisha itaifuta mashine. Hapo hatutaweza kumlaumu Google.

Kijana huyo hana kosa. Kosa ni la uongozi unaopokea matunda ya kazi yake bila kuifanya kazi hiyo kuwa ya ofisi. Kama gari la shule lina daftari la safari na siku ya kubadilishwa oili, na kama maabara ina mtu aliyepewa barua ya kuisimamia, basi seva nayo iandikiwe barua. Awepo msimamizi na msaidizi wake, na kazi hiyo ihesabiwe katika mzigo wao wa vipindi, isiwe sadaka ya Jumamosi.

Kwa hiyo, kabla ya ofisi au shule yoyote kukodi mashine, napendekeza kikao kikae na kujibu maswali matano kwa maandishi. Ni watu gani wawili walio na funguo, na bahasha ya tatu iliyofungwa iko katika sefu ya nani? Ankara inalipwa kutoka fungu gani, na onyo la deni linafika kwa nani? Nakala ya akiba iko wapi, na mara ya mwisho kurudishwa ilikuwa lini? Ni siku gani ya mwezi iliyotengwa kwa matoleo mapya? Tukishindwa kuendelea, tutawarudishiaje watu mafaili yao?

Kikao kikishindwa kujibu hata swali moja kati ya hayo, ushauri wangu ni kwamba kisikodi mashine. Kiendelee na huduma ya kampuni kwa akaunti ya ofisi, iliyolipiwa na yenye wasimamizi wawili, na kitakuwa kimekwisha kupiga hatua kubwa kuliko akaunti ya karani. Shule nne au tano za kata moja zinaweza pia kushirikiana, zikawa na mashine moja na wasimamizi wawili walioandaliwa vizuri, badala ya kila shule kuhangaika na mtu wake mmoja. Teknolojia ya makontena inafaa sana kwa ushirika wa namna hiyo, kwa kuwa kila shule inaweza kupewa vyumba vyake ndani ya nyumba moja, mradi wote wakumbuke kwamba paa ni moja.

Kwa watakaokuwa tayari, faida ni ya kweli. Majalada yatakuwa chini ya mamlaka ya ofisi. Mwalimu atakayehamia wilaya nyingine ataacha kazi yake mahali inapojulikana, na atakayempokea ataikuta. Mzazi atakayekuja baada ya miaka minane kuuliza matokeo ya mwanawe hataambiwa kwamba mwalimu aliyekuwa nayo alibadili simu.